Mwindaji Aliyepanda Mikorosho

Ndugu zangu wa bondeni, na nyinyi wa barabarani, Kibiti mpaka Ikwiriri, habari hii nusu yake mnayo. Mmeisikia gengeni, mmeisikia kisimani, na kila mtu kaongeza chumvi yake. Miye nilikuwepo, na mkono wangu umo. Niacheni niieleze yote, nikimaliza mnihukumu pamoja na wengine.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka ambao maji ya mto yalipanda kwa kiasi na kushuka kwa wakati. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa. Sisi tunaolima kule njia ya Mloka tulikuwa tumeshahamia mashambani, kila mtu na dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kuamia ndege na kuwatazamia nguruwe na ngedere. Dungu langu lilitazamana na la Mwanawetu binti Mrisho. Mpaka wetu ulikuwa mfereji tu, mtoto anauruka.

"Mama Yasmin!" alizoea kuniita asubuhi, jua bado halijapanda. "Ndege wako wote wamehamia kwangu. Njoo uwachukue!"

"Hao wageni wako, da Mwanawetu. Wape chai!"

"Chai ninayo, sukari ndiyo sina. Mlete mwanao anibusu shavuni, nitaonja utamu hapohapo."

Basi namfunga Yasmin mgongoni, navuka mfereji, tunakunywa chai ya mchaichai huku tunapiga debe na kupiga kelele. Nakwambieni, sijui raha nyingine ya kulinganisha na ile.

Shamba la Mwanawetu lilikuwa ekari nane. Aliachiwa na mama yake mzazi, ambaye naye alilisafisha kwa panga lake mwenyewe. Chini alilima mpunga, juu alilima ufuta na mahindi, na kando ya msitu palikuwa na kidimbwi kisichokauka hata kiangazi kikali. Kwa shamba lile aliwasomesha watoto watatu. Kwa shamba lile alimuoza Zuena, binti yake mkubwa, akaolewa Ruaruke na vyombo vyake kamili. Mumewe, Haidari, alikuwa mtu mwema asiye na haraka. Akiambiwa lima, analima. Asipoambiwa, anakaa.

Tulipokwisha kuvuna, Haidari akaja na mgeni.

Mgeni mwenyewe jina lake Abdulkarimu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ana gari ya juu, ana leseni ya kuwinda na bunduki yenye karatasi zake. Si mtu wa kutisha. Aliswali nasi, aliwaamkia wazee kwa adabu. Alisimama kando ya kidimbwi akatazama nyayo za swala zilivyojaa kwenye tope, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona sokoni kitu alichokitafuta siku nyingi.

"Shemeji," alimwambia Mwanawetu, "kiangazi chote shamba lako limekaa bure. Miye nataka hapa tu. Swala wanakuja kunywa, naweka hema langu pale juu, nawasubiri. Mvua zikianza, shamba lako, jembe lako."

"Na ukinipigia watoto wangu badala ya swala?"

"Kwani watoto wako wana pembe?"

Mwanawetu akacheka. Mgeni naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Au niuzie kabisa, tusisumbuane kila mwaka. Milioni tatu, leo hii."

"Shamba la mama yangu siuzi," Mwanawetu akajibu, na hapo hakucheka. "Unataka kukodi, kodi. Ukimaliza nenda kwenu, mwakani urudi ukodi tena."

Wakakubaliana laki nne kwa kiangazi kimoja. Na nasema wazi mbele yenu, kukodisha kule hakukuwa kosa. Ardhi ilikuwa imepumzika, pesa iliingia, na mvua ziliporudi Mwanawetu alilikuta shamba lake palepale. Wangapi kati yetu wangepata ugeni wa namna hiyo wakaukataa?

Kosa lilikuja na nyama.

Abdulkarimu alikuwa na sharti moja kubwa, hali kisichochinjwa. Kwa hiyo swala akianguka, lazima mtu amuwahi na kisu kabla roho haijatoka. Mtu huyo akawa Haidari. Yeye asiyekuwa na haraka maishani mwake, mlio wa bunduki ukisikika, alikimbia majanini kanzu kaishika kwa meno, kisu mkononi, "Bismillahi" mdomoni. Vijana wakampa jina, Meneja wa Swala. Abdulkarimu akalisikia, likamfurahisha, akaanza kumwita Meneja kweli. Akampandisha gari, kiti cha mbele. Nyama ikagawiwa kijijini, paja kwa huyu, kidari kwa yule. Nyumbani kwangu pia ililetwa, nikaipika kwa nazi, tukala. Msidhani nawasema wenzangu peke yao.

Meneja akaacha jembe. Mwanawetu alilima peke yake msimu ule, na nilipomuuliza alisema tu, "Kaoa mke mdogo, nimepata mke mwenza. Mke mwenyewe ana magurudumu manne."

Kiangazi cha pili, wawili wale wamekaa hemani wakichoma maini, mwindaji akafungua mdomo. Haya alinihadithia Haidari mwenyewe, siku ambayo kuficha kulikuwa hakumsaidii tena.

"Meneja, nisaidie hesabu. Laki nne kila mwaka. Miaka kumi nimelipa milioni nne. Baada ya hapo mkononi nina nini?"

"Una nyama, bosi."

"Nyama imeshaliwa."

"Una pembe ukutani."

"Pembe sizipandi wala sizikodishi. Anayemiliki analipa mara moja analala. Anayekodi analipa mpaka anazeeka, na siku mwenye shamba akiamka vibaya, anamfukuza. Mkeo hauzi kweli?"

"Yule? Afadhali umwambie akung'olee jino akupe."

"Basi yaishe. Miye nataka miti kidogo tu. Mikorosho. Mabibo yakianguka, swala watayafuata hapahapa, hawatakwenda kwa watu."

Haidari alisita. Naomba mlijue hilo, alisita. "Mikorosho, bosi? Huku kwetu mkorosho si mti wa kupanda tu."

"Ungekuwa wa kuvuna, ndiyo. Huu ni wa wanyama. Unalisha viumbe wa Mungu, unapata thawabu. Na miye nakupa laki sita ya usumbufu."

Wasomaji wangu, hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kuna wageni wanaoweza kuuliza, mti una ubaya gani? Huku kwetu mtu akikuazima shamba au akikukodisha, unalima mpunga, unalima ufuta, unavuna unaondoka. Hupandi mti. Mnazi, mwembe, mkorosho, hata mchungwa mmoja, hupandi. Mti unakaa, na mwenye mti anakaa nao. Ukitaka kumtoa mtu mwenye miti, umlipe kila shina. Hatukusoma popote. Tumezaliwa tukalikuta, na kila mtu mzima wa bonde hili analijua.

Haidari alilijua. Lakini akajiambia kwamba miti ya wanyama haina mwenyewe. Hilo ndilo kosa lake, na lilimjia rahisi kwa sababu laki sita zilikuwa mezani. Karatasi ikaletwa, akatia saini bila kumpa mtu amsomee, na mimi jirani yake naishi hatua hamsini, masomo yangu ya jioni ya watu wazima nimemaliza, kusoma najua.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Zuena akajifungua kule Ruaruke, mtoto wa kwanza. Mwanawetu akaenda kumkanda na kumlea arobaini yake, kama mama yeyote angefanya. Hajamaliza wiki mbili, gari likaja na miche mia mbili kwenye viriba, vile vifuko vya udongo. Haidari akapita nyumba kwa nyumba.

"Kuna kibarua. Elfu tano kwa siku, mashimo tu na kufukia."

Tulikwenda wanawake tisa. Shimo la kwanza nilipolichimba, mwenzangu mmoja, Sikujua, alinong'ona, "Mwanawetu anajua?"

"Mumewe anajua," nikajibu.

"Sikukuuliza mumewe."

"Wewe chimba, dada. Watoto wanataka daftari."

Akachimba. Nikachimba. Siku nne. Yasmin alikuwa anacheza na viriba vitupu kando yangu.

Mwanawetu aliporudi, moja kwa moja alikwenda shambani kutazama kama ardhi imelowa vya kutosha. Nilimwona kwa mbali amesimama katikati ya vile vijiti vya miche, mistari iliyonyooka mpaka msituni. Hakupiga kelele. Aliinama, akashika mche mmoja, akaanza kuung'oa. Haidari alikuja mbio kama anavyokimbilia swala.

"Mama Zuena, acha! Miti ya swala hiyo, miti ya wanyama tu!"

"Mnyama gani kakuagiza mkorosho, Baba Zuena?"

"Nimeshachukua pesa ya mtu. Ukiing'oa nitailipa na nini?"

"Ipo wapi?"

Pesa ilikuwa imeshageuka makochi na redio yenye spika mbili. Mwanawetu akatugeukia sisi majirani, maana tulikuwa tumejikusanya. Akaniuliza mimi, jamani, mimi. "Mama Yasmin, unaonaje?"

Ningeweza kusema ng'oa yote, nakusaidia. Tungeimaliza kabla ya adhuhuri. Lakini elfu ishirini zangu nilikuwa nimezila. Nikasema, "Miche yenyewe midogo, da Mwanawetu. Swala wataitafuna, itakufa yenyewe. Usimtie mumeo aibu."

Akauachia ule mche.

Haikufa. Abdulkarimu aliizungushia miiba, akaweka mtu wa kuimwagilia kiangazi. Kodi yake aliendelea kuilipa, kwa upole uleule. Mwanawetu alilima mpunga katikati ya mistari, kila mwaka kivuli kimeongezeka, kila mwaka magunia yamepungua. Mwaka mikorosho ilipotoa maua ya kwanza, Abdulkarimu alikuja, akapiga hema, akawinda. Hakulipa.

Mwanawetu akamfuata. "Shemeji, mwaka huu umenisahau."

"Sijakusahau, shemeji. Ila nimejiuliza, nalipa kodi ya nini kwenye miti yangu?"

Akamwonyesha karatasi. Mwanawetu alikuja nayo kwangu, nikamsomea. Iliandikwa kwamba Haidari, kwa niaba ya familia, amemruhusu Abdulkarimu kupanda na kumiliki miti ya kudumu katika shamba lote la ekari nane, na kwamba wakitaka kuitumia ardhi kwa namna nyingine watamlipa fidia ya kila mti. Hapakuwa na neno swala popote. Nilisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Mwanawetu alidhani nimekosea.

Wakaenda baraza la wazee. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gharibu, mtu wa haki kwa jinsi anavyoijua haki. Asubuhi ile ukumbi ulijaa. Hakuuliza mengi.

"Mikorosho mia mbili. Nani kachimba mashimo?"

Sikujua akasimama, na mimi nikasimama, na wote tisa tukasimama.

"Nani kawalipa?"

"Bwana Abdulkarimu."

"Mwenye shamba alikuwepo?"

"Alikuwa Ruaruke, kwa mzazi," nikasema.

"Aliporudi, aliing'oa?"

Nikamtazama Mwanawetu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Hakuing'oa," nikasema.

"Kwa nini?"

Ningesema ukweli wangu siku ile, huenda wazee wangelipima jambo kwa namna nyingine. Nikasema, "Sijui, mzee." Nikakaa.

"Shamba ni la mama yangu!" Mwanawetu akapaza sauti. "Haidari si mwenye shamba. Haidari kaoa tu!"

"Una karatasi, mwanangu?" Mzee Gharibu akamuuliza, si kwa ukali.

Hakuwa nayo. Nani kati yetu anayo? Watu wa upimaji walipopita kuandikisha hati za kimila, tulisema tuna kazi nyingi.

Baraza likaamua. Elfu hamsini kila mti, milioni kumi, ndani ya siku tisini, na Abdulkarimu aondoke. Ama Mwanawetu apokee milioni tatu zilezile alizozikataa, aondoke yeye. Aliuza mbuzi. Aliuza makochi, na redio, na cherehani. Zuena alituma pete zake. Alikwenda wilayani kuulizia kukata rufaa, akaambiwa alete vielelezo, akarudi amevaa kanga ileile ya juzi. Siku ya tisini alikuwa na milioni moja na laki mbili, akapokea zile tatu.

Mwindaji amepata ekari nane, kidimbwi, na mikorosho mia mbili iliyoanza kuzaa. Kodi alizolipa miaka yote, na laki sita ya Haidari, na vibarua vyetu, na ile milioni tatu, ukijumlisha havifikii korosho za misimu michache. Leo amezungusha waya. Wengine wa mjini wanakuja kuwinda pale, na wanamlipa yeye kodi.

Haidari yupo. Ni mlinzi. Amevaa koti la kijani, anakaa kwenye geti la shamba lililokuwa la mkewe, anafungua na kufunga. Hakuna anayemwita Meneja. Talaka alimpa Mwanawetu kwa kuombwa, bila maneno, na watu wanasema alilia. Sijui. Sikuwepo.

Mwanawetu alikwenda Mbuchi kwa mjomba wake. Nilikaa miezi saba bila kumtafuta, kwa aibu. Mwishowe nikamshika Yasmin mkono, tukashuka na boti mpaka kule kwenye mikoko. Nilimkuta anapura mpunga. Amekonda, vifundo vya mikono vimetokeza. Zile milioni tatu zilikuwa zimeshakwisha kwa madeni na kula, na shamba si lake. Amekodi nusu ekari kwa nusu ya mavuno. Tulipokuwa tunasalimiana, mwenye shamba alipita, akahesabu mafungu kwa kidole, akaondoka bila salamu. Mwanawetu alingoja mpaka amepotea, ndipo akaendelea kupura.

Alinipikia ubwabwa na samaki. Alimweka Yasmin mapajani. Tulizungumza habari za watu, nani kazaa, nani kafa. Nikadhani yamekwisha. Kisha akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Mama Yasmin, ile kazi ya mashimo mlilipwa ngapi?"

"Elfu tano kwa siku, dada."

"Siku ngapi?"

"Nne."

Akatafakari. "Elfu ishirini. Basi wewe uliniuza kwa elfu ishirini. Haidari alipata laki sita, yeye angalau alijitahidi."

Nilianza kulia. Akanisogezea sahani.

"Kula. Ubwabwa unapoa."

MAFUNZO YA HABARI HII

Kukodisha shamba si dhambi, na mwindaji anayelipa na kuondoka si adui. Lakini anayekukodi anapiga hesabu zake kila siku, na hesabu zake hazifanani na zako. Yeye anatafuta njia ya kutokulipa tena. Kwa hiyo mpe muda ulioandikwa, na uandike pia asichoruhusiwa: mti, kisima, nyumba, waya. Akikwambia ni kitu kidogo tu cha wanyama, muulize kwa nini anakilipia pesa nyingi.

Baba, shamba la mkeo si lako kwa sababu umelala ndani ya nyumba yake. Ukishika kalamu, mwite kwanza. Na karatasi usiyoweza kuisoma, peleka kwa anayeweza, hata kama ni mwanamke aliyesomea jioni kwenye benchi la watoto.

Wanawake wenzangu, tukaandikishe mashamba yetu kwa majina yetu. Mimi langu nimeshaandikisha, jina langu na la mume wangu, na Yasmin akijua kusoma litakuwa somo lake la kwanza. Kila Jumamosi, baada ya alasiri, nawasomea bure wenye karatasi za mikataba barazani kwangu. Mpaka sasa wamekuja kumi na mmoja. Wawili walirudi kwa mwindaji aliyewaletea karatasi, kumwambia hapana.

Na la mwisho, linaloniuma mimi kuliko yote. Shamba la Mwanawetu halikuchukuliwa na mtu mmoja. Lilikwenda kwa paja la nyama hapa, kibarua pale, na maneno ya jirani aliyesema "itakufa yenyewe". Ukiona shimo linachimbwa kwenye ardhi ya mwenzio naye hayupo, weka jembe chini, uende ukamwite.